Hakuna Aliyemnunua: Tuyaelewe Mamilioni ya Mikataba ya NBA

Julai 2025, kwenye saluni ninayonyolea pale Igoma, Mwanza, kinyozi alizima mashine akiwa katikati ya kichwa changu ili asome habari kwenye simu ya mteja mwenzangu. Shai Gilgeous-Alexander, nyota wa Oklahoma City Thunder, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, alikuwa amesaini mkataba wa dola milioni 285. Mwenye simu akazidisha kwa shilingi 2,500, hesabu ya harakaharaka, akapata shilingi bilioni 712. Saluni nzima ikanyamaza. Kisha mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake akasema, "Hilo ni daraja."

Alikuwa na maana ya Daraja la J.P. Magufuli, lile la kutoka Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwezi mmoja kabla na kugharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Kilomita tatu za zege na vyuma juu ya ziwa, zinazobeba malori ya Sengerema na Geita usiku na mchana. Na huku kuna kijana mmoja, mikono miwili na miguu miwili, ameandikiwa kiasi kilekile kwa kurusha mpira.

Kinyozi akaniuliza, "Sasa Mwalimu, nani kamnunua?" Huniita hivyo kwa sababu jioni nafundisha vijana kikapu. Nikamjibu kwamba hajanunuliwa na mtu, yuko palepale Oklahoma City alipokuwa. Akaona namzungusha. Haiingii akilini timu itoe pesa ya daraja kwa mtu ambaye tayari ni wake.

Swali lile sikulimaliza siku ile, kwa sababu jibu lake ni refu kuliko kunyoa nywele. Nalijibu hapa.

Tuanze na neno lenyewe. Mkataba wa mchezaji wa kikapu ni mkataba wa kazi. Unasema mchezaji ataitumikia timu kwa misimu kadhaa, kila msimu atalipwa kiasi fulani, na masharti ni haya na haya. Ile namba kubwa inayotangazwa ni mishahara ya misimu yote ikiwa imejumlishwa pamoja. Chukua mwalimu aliyeajiriwa leo akiwa na miaka 25, mpigie mishahara yake yote mpaka siku ya kustaafu, halafu mtangazie mtaa mzima kwamba amepewa mamilioni hayo. Hesabu itakuwa sahihi kabisa, lakini jirani atakayekwenda kumkopa kesho asubuhi atamkuta anasubiri mwisho wa mwezi kama sisi wote.

Kinachotuchanganya ni kwamba tumekulia kwenye soka. Kwenye soka mchezaji anapohama kuna pesa za aina tatu, na sisi zote tunaziita dau. Kuna ada ya uhamisho, ambayo klabu inayomtaka inailipa klabu inayomwachia. Kuna pesa ya usajili, anayokabidhiwa mchezaji mwenyewe akishasaini. Halafu kuna mshahara. Neymar alipotoka Barcelona kwenda Paris Saint-Germain mwaka 2017, zile euro milioni 222 zilizotikisa dunia zilikwenda Barcelona. Mshahara wake ulikuwa jambo jingine, kwenye karatasi nyingine. Ndiyo maana mtu wa Mwanza akisikia milioni 285 anatafuta muuzaji na mnunuzi. Amezoea hivyo, na kwa soka yuko sahihi.

NBA haina ada ya uhamisho. Mchezaji hutoka timu moja kwenda nyingine kwa njia mbili kuu. Ya kwanza, mkataba wake umeisha, yuko huru, anakwenda anakotaka. Ya pili, timu zinabadilishana: nipe huyu nikupe yule, niongezee na zamu yako ya kuchagua chipukizi mwaka fulani. Mwanzoni mwa Februari 2025 Luka Dončić aliondoka Dallas kwenda Los Angeles Lakers, na Anthony Davis akaenda Dallas. Lilikuwa badilishano lililowaacha wapenzi wa kikapu midomo wazi, lakini hapakuwa na bei iliyotajwa ya kumnunua Dončić. Mkataba wake ulikwenda naye vilevile ulivyokuwa, mshahara uleule, miaka ileile iliyobaki. Kilichobadilika ni nani anayelipa.

Hapa kuna sharti ambalo wengi hawalijui, nalo lina nguvu kuliko kipaji cha mtu. Timu ambayo mishahara yake imeshavuka kikomo haiwezi kutoa mchezaji wa mshahara mdogo ikachukua wa mshahara mkubwa hivihivi. Mishahara ya wanaotoka na wanaoingia lazima ikaribiane. Kwa hiyo mkataba wenyewe hugeuka kuwa kitu cha kubadilishana. Mchezaji anaweza kutakiwa kwa sababu mshahara wake unaisha mwaka huu na kuacha nafasi, hata kama hatakanyaga uwanjani dakika tano. Hilo nitalirudia nikifika kwa Mtanzania Hasheem Thabeet.

Sasa, kikomo ni nini, na pesa ya daraja inatoka wapi? Twende mwaloni, kule mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga.

Anayeijua kazi ya dagaa anajua jinsi pesa inavyogawanywa. Tajiri ana mtumbwi, nyavu, injini na taa. Wavuvi wana mikono yao na usiku wao. Wanakwenda ziwani wakati wa giza, mbalamwezi ikishakuwa kubwa wanapumzika, kwa sababu dagaa hawafuati taa kukiwa na mwanga. Dagaa wakishauzwa, kwanza zinatolewa gharama za mafuta na chakula, halafu kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri na wavuvi kwa makubaliano yao. Kila mwalo una utaratibu wake, lakini kanuni ni moja: wavuvi wana fungu kwenye kilichopatikana. Dagaa wakijaa, fungu linanenepa. Ziwa likikataa, wote wanalala na sufuria tupu.

NBA inafanya hivyohivyo, ila kwa maandishi mengi na wanasheria wengi. Matajiri ni wamiliki wa timu 30. Wavuvi ni wachezaji, wakisemewa na chama chao. Dagaa ni mapato yote yanayotokana na kikapu: haki za televisheni, tiketi, jezi, matangazo. Pande hizo mbili zimekubaliana kwamba wachezaji wote kwa ujumla watapata kati ya asilimia 49 na 51 ya mapato hayo. Yaani karibu nusu.

Na dagaa wamejaa kweli. Mwaka 2024 ligi ilifunga mkataba wa televisheni na Disney, NBCUniversal na Amazon, wa miaka 11 na takriban dola bilioni 76, kuanzia msimu wa 2025–26. Hizo ni za televisheni peke yake. Halafu angalia mtumbwi unabeba wangapi. Timu moja ina nafasi 15 za mikataba ya kawaida. Mara 30, ni watu 450. Nusu ya mapato ya ligi nzima inagawanywa kwa watu wachache kuliko wanafunzi wa shule moja ya msingi hapa Nyamagana. Nilipomweleza kinyozi hili siku nyingine, ndipo alipoanza kulainika. Kumbe pesa za mchezaji zinatoka kwa mamilioni ya watu wanaotazama, na wamegawana wachache.

Kutokana na mapato hayo ndipo hupigwa kikomo cha mishahara. Hebu fikiri matajiri wote wa mwalo mmoja wamekaa chini wakakubaliana: hakuna atakayeajiri wavuvi kwa zaidi ya kiasi fulani kwa msimu, la sivyo mwenye pesa nyingi atawakusanya wavuvi wote hodari, na wengine mitumbwi yao itaozea nchi kavu. Hicho ndicho kikomo. Msimu wa 1984–85 kilikuwa dola milioni 3.6 kwa timu nzima. Msimu wa 2025–26 ni dola milioni 154.6 na ushee. Ukitaka kujua mchezo huu umekua kiasi gani, namba hizo mbili zinatosha.

Hata hivyo kikomo hicho si ukuta, na hapa ndipo kinyozi wangu alipotakiwa kusikiliza vizuri. Kuna mlango umeachwa kwa makusudi. Mvuvi aliyekaa na tajiri wake misimu mitatu anaweza kuongezwa ujira hata kama tajiri ameshafika kikomo. Tajiri mwingine, asiye na nafasi, hawezi kumpa kiasi hicho. Wanaiita haki ya Larry Bird, kwa jina la nyota wa zamani wa Boston Celtics. Ukikaa kwenu unaweza kupewa miaka mitano na nyongeza ya asilimia 8 kila mwaka. Ukihama ukiwa huru, ni miaka minne na asilimia 5. Kanuni zimepangwa ili timu iweze kumbakiza mtu wake. Kwa hiyo pesa kubwa kabisa za NBA mara nyingi hutolewa na timu ile ambayo mchezaji tayari yumo. Shai hakununuliwa. Alibakizwa.

Na anayezidisha sana hulipa. Juu ya kikomo kuna mstari mwingine, na timu inayouvuka hutozwa kodi ya anasa, inayopanda kadiri inavyoendelea kuuvuka. Juu yake tena kuna mistari miwili mikali zaidi, ambayo humfunga mikono hata tajiri asiyejali kodi: akivuka wa mwisho, anapoteza njia nyingi za kuongeza wachezaji. Yule anayesema "tajiri wa Marekani akitaka anawanunua wote" hajaiona mistari hiyo.

Turudi kwenye daraja. Kiwango cha juu anachoweza kulipwa mchezaji mmoja huandikwa kama asilimia ya kikomo. Mwenye miaka isiyozidi sita kwenye ligi anaweza kuanzia asilimia 25, wa miaka saba hadi tisa asilimia 30, wa miaka kumi na kuendelea asilimia 35. Wachache wanaruhusiwa kuruka ngazi kama wameshinda tuzo kubwa. Shai alikuwa Mchezaji Bora wa Msimu wa 2024–25, akatwaa ubingwa mwezi Juni na kuwa Mchezaji Bora wa Fainali. Kwa hiyo amepata asilimia 35 kabla ya miaka yake kumi kutimia.

Asilimia 35 ya nini? Ya kikomo cha msimu mkataba unapoanza. Na mkataba ule uliosainiwa Julai 2025 unaanza msimu wa 2027–28. Siku ile tunashangaa saluni, hata senti moja ya zile milioni 285 ilikuwa haijaanza kulipwa, na ilikuwa bado miaka miwili ianze. Kikomo cha 2027–28 nacho kilikuwa hakijapigwa. Wenye hesabu walichukua kikomo cha 2025–26, wakakikuza kwa kiasi kinachotarajiwa, wakatoa asilimia 35, wakaongeza asilimia 8 kila mwaka kwa miaka minne. Unaanzia karibu dola milioni 63.7 mwaka wa kwanza, unafika karibu milioni 79 mwaka wa nne, jumla ndiyo hiyo 285. Ligi ikiingiza zaidi, namba inapanda. Ikiingiza pungufu, inashuka. Tulichokisoma kwenye simu kilikuwa makadirio ya fungu la mvuvi kwa dagaa ambao bado wako ziwani.

Na fungu lenyewe halifiki mfukoni likiwa zima. Mishahara hulipwa kidogokidogo, kwa kawaida tarehe 1 na tarehe 15. Kwanza ligi hushikilia asilimia 10 ya kila mshahara mpaka msimu uishe na mapato yahesabiwe. Kama wachezaji kwa ujumla walilipwa zaidi ya fungu lao, tofauti hukatwa humo na kwenda kwa wamiliki, kinachobaki kinarudishwa. Kisha kuna kodi ya serikali kuu ya Marekani, ambayo kwa watu wa kipato hicho inafika asilimia 37. Kuna kodi za majimbo: California inafika asilimia 13.3, Texas na Florida hazitozi mshahara. Na mchezaji hulipa kodi hata kwenye majimbo anayokwenda kucheza ugenini, kwa siku alizofanya kazi huko. Wakala anaruhusiwa kuchukua mpaka asilimia 4. Ukijumlisha yote, si ajabu kwa kila dola 100 ikabaki kama nusu. Bado ni pesa nyingi mno, sikatai. Lakini mzee wa kwenye benchi alikuwa amemkabidhi daraja zima, na daraja hilo lina wenyewe wengi.

Lipo jambo moja ambalo NBA wako mbele ya karibu kila mchezo ninaoufahamu, na naliheshimu sana. Ni dhamana. Mikataba mingi ya wachezaji wa kawaida na nyota ina dhamana: timu ikikuchoka, ikakuondoa, inaendelea kukulipa. Ukivunjika mguu ukiwa kazini, inaendelea kukulipa.

Damian Lillard alikatika kano ya kisigino Aprili 2025 akiichezea Milwaukee Bucks. Kwa mtu wa umri wa miaka 34, hilo ni jeraha la kutisha. Miezi miwili baadaye timu ikamwachia ili ipate nafasi ya kumchukua Myles Turner. Alikuwa anadai takriban dola milioni 113 za miaka miwili iliyobaki. Bucks hawakuzikwepa, kanuni iliwaruhusu kuzitandaza kwa miaka mitano, karibu milioni 22.5 kila mwaka, na kiasi hicho kinahesabiwa kwenye mishahara ya timu ingawa mtu mwenyewe hayupo. Lillard akarudi Portland, timu iliyomlea, kwa mkataba mwingine wa dola milioni 42 kwa miaka mitatu. Akawa analipwa na timu mbili huku akiuguza kisigino. Nikiwasimulia vijana wangu hawaamini, kwa sababu wanachokijua ni kwamba ukiumia, basi.

Sio wote wako kwenye mtumbwi huo mkubwa. Wapo wa mikataba ya siku kumi, wanaoitwa timu ikipungukiwa watu. Wapo wa mikataba ya njia mbili, watatu kwa kila timu, wanaocheza huku na kule kati ya NBA na ligi yake ndogo, kwa nusu ya mshahara wa chini wa mchezaji mpya kwenye ligi. Hao hawatangazwi na mtu.

Sasa niseme lile ninalotaka lieleweke kuliko yote: kiasi cha mkataba na thamani ya mkataba ni vitu viwili. Mnunuzi wa samaki Kirumba anaweka sangara kwenye mizani, analipa kwa kilo. Bei imeshajulikana. Lakini hajui faida yake mpaka samaki apasuliwe na mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni, yaonekane, kwa maana mabondo yana bei yake, tena kali. Sangara wawili wa kilo sawa, bei sawa, mmoja amemtajirisha na mwingine amemrudishia nauli tu. Mkataba nao ni vivyo hivyo. Kiasi unakiona siku ya kusaini. Thamani inaonekana baadaye, ukilinganisha anachokitoa mchezaji na nafasi anayoimeza kwenye kikomo.

Mfano mzuri kuliko yote umetugusa sisi Watanzania. Juni 2009, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, alichaguliwa wa pili kwenye drafti, ile siku timu za NBA zinapopokezana zamu kuchagua wachezaji wapya. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa tatu akawa James Harden. Wa saba akawa Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza kufika NBA alitajwa kabla ya watu hao wawili, na sote tuliokuwa tunafuatilia tunakumbuka furaha ile.

Wachezaji wapya wa raundi ya kwanza hawaombi mshahara wautakao. Kuna ngazi iliyopangwa: wa kwanza anapata zaidi, wa pili pungufu kidogo, hivyo hivyo mpaka chini. Mkataba ni wa miaka minne, miwili ya kwanza ina dhamana, wa tatu na wa nne timu ndiyo inaamua kama inaendelea. Kwa hiyo mwanzoni Thabeet alilipwa zaidi ya Harden na zaidi ya Curry, kwa nafasi tu. Memphis Grizzlies walitegemea awe mlinzi wa goli lao kwa miaka kumi. Haikuwa hivyo, dakika zake zilikuwa chache. Februari 2011 Memphis walimpeleka Houston, pamoja na DeMarre Carroll na zamu ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza, wakapata Shane Battier na Ish Smith. Mwaka uliofuata Houston nao wakampeleka Portland na Jonny Flynn, wakamchukua mkongwe Marcus Camby.

Wengi hapa walisema "kauzwa", wengine wakasema "kafukuzwa". Ukishajua kanuni ya mishahara kukaribiana, unaona kitu kingine. Battier na Camby walikuwa na mishahara mikubwa, na timu iliyowataka ilihitaji kuweka mishahara upande wa pili wa mizani. Mshahara wa mtu aliyechaguliwa wa pili ulikuwa na uzito wa kutosha. Mkataba wa Thabeet ulikuwa na kazi hata pale ambapo yeye mwenyewe hakupewa nafasi ya kucheza. Mwaka wake wa nne haukuongezwa. Mwaka 2012 akawa huru, akasaini na Oklahoma City Thunder, timu hiyohiyo ya Shai, akakaa misimu miwili. Nikisikia mtu anamcheka Thabeet huwa namkatiza. Alipanda ngazi ambayo hakuna Mtanzania aliyewahi kuikanyaga kabla yake.

Upande wa pili wa mfano huo ni Curry. Mwaka 2012 vifundo vya miguu yake vilikuwa vinamsumbua mno, ameshafanyiwa upasuaji, na hakuna aliyejua kama atahimili. Golden State Warriors wakampa miaka minne kwa dola milioni 44. Wapo walioona ni nyingi kwa mtu wa vifundo vile. Ndani ya mkataba huo Curry akawa Mchezaji Bora wa Msimu mara mbili mfululizo, 2015 na 2016, akiwa analipwa pungufu ya baadhi ya wenzake wa timu moja. Kiangazi cha 2016 pesa mpya za televisheni zilikipandisha kikomo kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94 kwa mkupuo mmoja. Kwa kuwa Curry alikuwa amechukua nafasi ndogo sana, Warriors waliweza kumwingiza Kevin Durant. Mkataba ule mdogo ndio uliomleta Durant. Mwaka 2017 Curry akalipwa stahiki yake: miaka mitano, dola milioni 201, wa kwanza kuvuka milioni 200.

Ukiniuliza mkataba gani ulikuwa na thamani zaidi, wa milioni 44 au wa milioni 201, kwa timu nitakujibu ule wa 44. Kwa Curry mwenyewe na wanawe jibu ni jingine. Ndiyo maana huwa siulizi tu mkataba ni wa kiasi gani. Nauliza pia ni wa thamani kwa nani.

Haya yote ningeweza kuyaacha Marekani kama yasingenifuata mpaka uwanjani kwetu. Miezi michache baada ya siku ile ya saluni, kijana wangu mmoja wa miaka 19 alikuja mazoezini na karatasi amekunja mara nne mfukoni. Timu ya mkoa mwingine ilikuwa imemwona kwenye mashindano, inamtaka. Tangu ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ianze Kigali mwaka 2021, vijana wa huku wameanza kuota kwa karibu; Kigali kwa barabara iko jirani na sisi kuliko Dar es Salaam. Alikuwa ameshamwambia mama yake kwamba amepata mkataba wa shilingi milioni 3.6.

Tukakaa kwenye ngazi za saruji, tukaisoma mstari kwa mstari. Milioni 3.6 ilikuwa laki tatu mara miezi kumi na miwili. Mstari wa nne ulisema gharama za malazi na chakula zitakatwa kwenye mshahara, bila kutaja kiasi. Mstari wa saba ulisema timu inaweza kusitisha mkataba wakati wowote kwa sababu itakazoona zinafaa. Kuhusu kuumia hapakuwa na neno hata moja. Nikamwuliza, "Wakikusitisha Machi, umepata shilingi ngapi?" Akahesabu kwa vidole kuanzia Januari. Laki tisa, kabla ya malazi na chakula. Akaikunja karatasi, akaifungua tena, akasoma mstari wa saba peke yake, taratibu, midomo ikichezacheza.

Jioni ile tulipiga simu pamoja. Yeye ndiye aliyeongea, mimi nilikaa pembeni. Aliomba vitu vitatu: kiasi cha makato kitajwe, wakimsitisha wamlipe miezi miwili, na akiumia akiwa kazini atibiwe kwa gharama yao na mshahara uendelee mpaka apone. La kwanza walikubali palepale. La pili walivutana nalo siku tatu, wakakubali mwezi mmoja. La tatu walikubali matibabu, mshahara wakakataa.

Karatasi ilirudi ikiwa na mistari mitatu imeongezwa kwa kalamu ya bluu pembeni, na sahihi mbili chini ya kila mstari. Aliitoa kopi tatu steshenari ya karibu na kwao, moja akamwachia mama yake, moja akaniletea. Jumatatu alfajiri alipanda basi kwenye stendi ya Nyegezi.